Nina usonji, na programu ya usingizi ya mtandaoni ilinizidishia tatizo. Niendelee nayo?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Niligundulika kuwa na usonji (autism) nikiwa na miaka 29. Sijawahi kuwa mtu wa kulala vizuri, lakini miaka miwili hii hali imezidi. Napanda kitandani saa 4 usiku, natoka saa 1 asubuhi, na nikijumlisha vipande vyote nalala kama saa tano na nusu. Nilijiunga na programu ya mtandaoni ya kujitibu mwenyewe. Wiki ya kwanza nilijaza shajara ya usingizi, yaani daftari la kuandika kila siku nimelala na kuamka saa ngapi, nikaipenda. Wiki ya pili ikanitaka nisipande kitandani kabla ya saa 7 usiku na niamke saa 12 na nusu asubuhi, tena nilale "pale tu ninaposikia usingizi". Mimi sijui usingizi unasikikaje. Siku ya tatu kelele za kibodi za wenzangu kazini zilikuwa zinanichoma kama sindano. Siku ya nne nilijifungia chooni nikalia, jioni nikaifuta programu. Je, tiba hii haitufai watu wenye usonji? Na ninunue vidonge vya melatonini, ile homoni ya usingizi, badala yake?

Jibu: Marahaba, na asante kwa kuandika kwa usahihi namna hii. Umenipa saa, umenipa siku, umenieleza kilichotokea. Wengi huniandikia "silali" basi, nikabaki kubahatisha.

Nianze na lile linalokuuma. Tiba uliyoianza ndiyo tiba sahihi ya kukosa usingizi, na wewe hukushindwa nayo. Ulipewa dozi kubwa mno kwa mara moja, kwa maneno yaliyoandikiwa watu ambao miili yao huwapa taarifa waziwazi. Vyote viwili vinarekebishika.

Tiba yenyewe ni tiba ya fikra na tabia kwa ajili ya kukosa usingizi. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, kilielekeza kwamba mtu mzima yeyote mwenye tatizo sugu la usingizi aanze na tiba hii kabla ya vidonge. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka uliofuata ulisema hivyohivyo. Tatizo huitwa sugu likitokea angalau mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu au zaidi, kwa hiyo wewe umo, tena kwa mbali. Na kwa watu wazima wenye usonji kukosa usingizi ni jambo la kawaida kuliko kwa watu wengine. Hujiwazii tu.

Kazi ya tiba hii iko hivi. Tangu unapoamka, ubongo unakusanya njaa ya usingizi. Moja ya vitu vinavyoijenga ni kemikali iitwayo adenosini, ambayo huongezeka kadiri unavyokaa macho. (Kafeini huziba milango ya kemikali hiyo, ndiyo maana chai au kahawa ya alasiri huficha njaa uliyoijenga mchana kutwa. Ukiweza, ishie saa 6 mchana.) Mtu anayelala vibaya hujaribu kufidia kwa kukaa kitandani muda mrefu zaidi. Matokeo yake njaa inatandazwa nyembamba juu ya saa nyingi, na kitanda kinageuka kuwa mahali pa kugaagaa na kukodolea dari macho. Mwili unajifunza hivyo: kitanda, basi macho. Mwanasaikolojia Richard Bootzin alionyesha mwaka 1972 jinsi ya kuufundisha mwili upya kwamba kitanda ni cha kulala. Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake wakaongeza hatua ya kubana muda wa kitandani ili njaa irudi kuwa nzito. Programu nyingi za mtandaoni, pamoja na hiyo uliyoifuta, zimejengwa juu ya nguzo hizo mbili.

Sasa tazama hesabu yako. Unakaa kitandani saa tisa, unalala tano na nusu. Gawanya: asilimia 61. Lengo la kawaida ni asilimia 85. Programu ikachukua saa zako tano na nusu za usingizi, ikazifanya ndizo saa zako zote za kitandani. Kwa usiku mmoja uliondolewa saa tatu na nusu, na ratiba yako ikavunjwa ncha zote mbili, ya kulala na ya kuamka.

Kwa mtu yeyote wiki ya kwanza ya kubanwa hivyo ni ngumu. Kwako ilikuwa ngumu mara mbili, na sababu umeiandika mwenyewe: zile kibodi. Uchujaji wako wa sauti, mwanga na mguso unakugharimu nguvu hata siku nzuri. Usingizi ukipungua ghafla, kichujio hicho ndicho huanza kuachia. Ongeza nguvu unazotumia kazini kujionyesha "wa kawaida", kumtazama mtu usoni, kupima sauti yako, kucheka kwa wakati unaotakiwa, kisha siku ya nne chooni inaeleweka kabisa. Sioni udhaifu hapo. Naona mwili uliofikishwa mwisho wa akiba yake.

Ipo njia ya pili inayofika palepale taratibu: kupunguza muda wa kitandani kidogokidogo. Wewe ungeanza na saa zako tisa ukakata nusu saa kwa wiki. Weka saa ya kuamka kwanza, usiiguse kamwe, hata siku za mapumziko. Tuseme ni saa 12 na nusu asubuhi, kwa kuwa umeshaijaribu. Wiki ya kwanza panda kitandani saa 4 usiku, hapo umebaki na saa nane na nusu. Wiki ya pili saa 4 na nusu. Wiki ya tatu saa 5. Endelea hivyo hadi shajara ioneshe umelala asilimia 85 ya muda uliokuwa kitandani. Kama usingizi wako utabaki saa tano na nusu tu, utafika hapo ukiwa na saa sita na nusu za kitandani, yaani wiki ya tano. Lakini kwa uzoefu wangu usingizi huanza kuungana mapema zaidi ya hapo, vipande vinashikana, na mtu hahitaji kubanwa hadi mwisho. Ukishalifikia lengo, ongeza robo saa kila wiki ilimradi asilimia isishuke. Usiende chini ya saa tano na nusu kwa hali yoyote. Ni njia ya polepole, na kuna wenzangu wanaoiona ndefu mno. Mimi naamini tiba ya wiki saba ambayo mtu anaimaliza ni bora kuliko ya wiki tatu aliyoikimbia siku ya nne.

Kabla hujaanza, jibu maswali haya kwa uaminifu, maana hapa programu nyingi huuliza kwa haraka. Umewahi kupata kifafa au kupoteza fahamu ghafla? Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi ya wengine, na kupunguza usingizi kunaweza kukiamsha. Umewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, siku kadhaa bila kulala na bila kuchoka? Unatembea usingizini? Kazi yako ni ya kuendesha gari au mashine? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, usibane muda wako peke yako. Mwone daktari kwanza. Kama unakoroma na kuna mtu amekuona ukikata pumzi usingizini, au miguu inakuwasha na kukulazimisha kuitikisa kila unapolala, hayo ni magonjwa mengine yenye tiba zake. La miguu mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma, na kipimo cha damu huonesha. Na kama usiku huo mrefu umekuletea mawazo ya kutaka kufa, hilo lisisubiri shajara wala programu. Mwambie mtu leo, na upate daktari.

Nije kwenye sentensi yako iliyonigusa kuliko zote: "sijui usingizi unasikikaje."

Kiswahili kinasema tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia usingizi, kana kwamba mwili ni mtu anayesema na sisi tunamsikiliza. Kwa watu wengi wenye usonji sauti hiyo ya ndani ni ya chini sana, au inakuja yote kwa mpigo mtu akiwa ameshachelewa. Wengine pia hupata tabu kuzitaja hisia zao kwa majina. Basi ukiambiwa "lala ukisikia usingizi" unaketi pale unasubiri sauti isiyokuja, au unauchukua uchovu ukadhani ndio usingizi. Hivyo ni vitu viwili. Uchovu ni kuishiwa nguvu: mwili mzito, kichwa kimejaa, lakini macho makavu na akili inakimbia. Usingizi ni kusinzia: ukiachwa dakika chache kwenye kiti, unazama. Mtu mwenye usonji anaweza kuwa amechoka hoi saa 2 usiku huku usingizi uko mbali saa nne nzima.

Nilifanya kazi na mwanamume mmoja mwenye usonji aliyeniapia kwamba yeye hasinzii kamwe, huzimika tu kama taa. Nilimwomba asitafute hisia yoyote. Kwa wiki mbili, kuanzia saa 3 usiku, kila nusu saa aandike mwili wake unafanya nini, kama mtu anayemtazama mwingine kwa mbali. Alirudi na daftari lenye mistari iliyonyooka kwa rula. Katika usiku uleule aliolala upesi, mambo matatu yalikuwa yametangulia: alisoma mstari uleule mara mbili, mguu wake wa kulia, ambao hutikisika siku nzima, ulikuwa umetulia, na nyayo zake, ambazo huwa baridi, zilikuwa zimepata joto. Hilo la nyayo lina maelezo ya kisayansi: mwili unapojiandaa kulala hufungua mishipa ya mikono na miguu ili kutoa joto la ndani. Yeye hakulijua, aliliona tu. Tangu hapo kanuni yake ikawa "mawili kati ya matatu, nakwenda kitandani". Hakuhitaji tena kusikia chochote; alihitaji kuangalia.

Fanya hivyo. Dalili zako zitakuwa zako: pengine macho kutoa machozi, pengine kuandika herufi vibaya, kuacha kupapasa ukingo wa nguo, sauti yako mwenyewe kukukera. Saa uliyopangiwa ikifika na dalili hazijaja, subiri nje ya kitanda.

Kuna na lile agizo la programu hizi la kuondoka kitandani usipopata usingizi kwa "kama dakika ishirini". Ukiipima kwa saa, unabaki macho ukiitazama saa. Weka simulizi au sauti tulivu unayoifahamu, ipangwe kuzimika yenyewe baada ya muda huo. Ikizima ukaisikia inazima, bado uko macho, ondoka. Na uamuzi wa kwenda wapi usiufanye usiku. Mchana andika kadi: "Nakwenda kwenye kiti. Taa ndogo. Napanga shanga kwa rangi. Dalili mbili zikirudi, narudi kitandani." Kiti kiwe tayari, shuka la kujifunika liwe juu yake. Kama kutoka kwenye joto la kitanda kunakuamsha kabisa kiasi cha kuharibu usiku, keti wima kitandani ufanye kazi hiyohiyo tulivu, kisha ulale tena dalili zikija. Kitu usichofanya ni kulala chali ukipambana.

Chumba chako sasa. Orodha za kawaida husema giza, kimya, ubaridi. Wewe nenda mbali zaidi: usiku mmoja zima kila kitu, kaa sakafuni dakika kumi, usikilize na uguse. Mteja mwingine aligundua kwamba chaja yake ya simu ilikuwa inatoa mlio mwembamba ambao mumewe hakuusikia kabisa, na akawa ameishi nao miaka. Lebo ya nguo ya kulalia, mshono wa foronya, taa nyekundu ya televisheni, harufu ya sabuni ya kufulia mashuka: kata, ziba, badili. Ukipenda blanketi zito, litumie kwa sababu unalipenda. Jaribio moja la mwaka 2014 kwa watoto wenye usonji halikuonesha kwamba linaongeza usingizi, ingawa watoto na wazazi walilipendelea, na faraja nayo ni kitu.

Mazoezi ya kuvuta pumzi au kuupitia mwili kiungo kwa kiungo huwatuliza wengi na kuwatia wengine hofu, hasa wale ambao kuelekeza macho ndani ya mwili kunawasumbua. Yakikukera, yaruke bila kujiona mkosefu. Kujibembeza, kutembea chumba kwa hatua sawasawa, kurudia neno moja, kuzungusha kitu mkononi: hizo ndizo njia za mwili wako za kujituliza, na zina nafasi kamili katika tiba.

Kuhusu mawazo ya usiku, programu yako itakufundisha kuhoji fikra zilizotiwa chumvi, mfano "nisipolala leo kesho nitaharibikiwa kabisa". Hiyo ihoji, siku nyingi umelala vibaya na kesho yake ikapita. Lakini ikiwa unarudia kichwani mazungumzo ya kazini kwa sababu kweli mtu alikudharau, usijilazimishe kuamini kwamba umekosea kuelewa. Tenga robo saa jioni mapema, mezani, andika lililotokea na hatua moja ya kesho, ufunge daftari. Na kama kuna jambo unalolipenda mno ambalo hukuvuta hadi usiku wa manane, usilikatae, lipe mlango wa kutokea: kengele ya kwanza ya kumalizia, ya pili ya kuandika pale ulipoishia ili usiogope kulipoteza, ya tatu ya kuzima.

Je, mtandaoni ni mahali pazuri pa kufanyia haya yote? Naamini ndiyo. Hakuna chumba cha kusubiria chenye taa kali, hakuna simu ya kupiga, unasoma kwa mwendo wako na kurudia ukurasa mara tano bila mtu kukushangaa. Huko Uholanzi watafiti walichukua programu ya mtandaoni iitwayo i-Sleep wakaitengenezea toleo la watu wazima wenye usonji, la kujitibu kwa kuongozwa. Ushahidi kwa watu wazima wenye usonji hasa bado ni mchache, kwa kuwa majaribio mengi ya zamani hayakuuliza nani ana usonji. Ila kwa watu wazima kwa jumla ushahidi ni mwingi na mzuri, na unaonesha jambo moja la kuzingatia: programu yenye mtu nyuma yake, anayesoma shajara na kukuandikia hata mara moja kwa wiki, humalizwa na watu wengi zaidi kuliko ile inayokuacha peke yako. Basi chagua iliyo na mtu huyo, anayewasiliana kwa maandishi ukitaka, na inayoruhusu kuzima arifa na kubadili kasi ya kubana. Ukikosa, mpe shajara rafiki mmoja au mshauri wako aikague kila Jumapili. Na ile saa ya mkononi inayodai kukupa alama za usingizi iweke droo. Vifaa hivyo hukosea hasa kwenye hatua za usingizi, na mtu anayependa namba anaweza kukesha akiihofia alama ya asubuhi.

Melatonini. Kwanza jiulize: katika likizo, bila kengele, unalala saa ngapi? Kama unazama saa 9 usiku na kulala fofofo hadi mchana, tatizo lako kubwa ni saa ya mwili iliyochelewa, jambo linalowapata watu wengi wenye usonji. Hapo melatonini kidogo, inayotumiwa saa kadhaa kabla ya muda wa kulala, pamoja na mwanga wa jua mara tu unapoamka, inaweza kuivuta saa hiyo irudi nyuma. Lakini kama hata likizoni unaamkaamka usiku kucha, melatonini haitafanya kazi ya kuufundisha mwili upya kwamba kitanda ni cha kulala. Kwa vyovyote zungumza na daktari au mfamasia kabla ya kununua, umtajie kila dawa unayotumia, zikiwamo za wasiwasi na za umakini, kwa sababu baadhi yake zenyewe huondoa usingizi na huenda kuhamisha saa ya kuzimeza kukatosha.

Kesho usianze kubana chochote. Rudisha shajara uliyoipenda, ongeza safu moja pembeni ya "mwili unafanya nini" kila nusu saa kuanzia saa 3 usiku, na uendelee kuamka saa 1 asubuhi kila siku kwa siku 14. Kisha niandikie dalili zako tatu, tupange pamoja usiku wa kwanza wa kukata nusu saa.